Mwanza: Mbao ngumu zipo, kavu ndizo adimu

Kwa wauza mbao wa Mwanza, mteja hupimwa kwa swali moja: "Unatengeneza nini?" Akijibu kitanda cha sita kwa sita, anaelekezwa kwenye rundo la mbili kwa sita. Akijibu fremu za milango, anaonyeshwa rundo jingine, na kijana wa kubeba anaitwa hata kabla ya bei kukubaliwa. Akisema mtumbwi, mwenye duka mwenyewe huinuka kitini, maana hapo kuna oda ya maana. Lakini mteja akijibu kwamba anataka ubao mmoja tu, mkavu, wenye nyuzi nzuri, na kwamba bado hajaamua ataufanyia nini, uwanja mzima hukaa kimya kidogo. Mimi ni mteja wa namna hiyo. Na kwa kuwa ni mwanamke, swali la pili hufuata papo hapo: "Sasa mama, fundi wako yuko wapi?"

Fundi ni mimi mwenyewe, wa Jumamosi. Siku nyingine nina kazi ya ofisini inayonilipa, na useremala ni wa kujifurahisha: vibao vya kukatia mboga, visanduku vya vito, vigoda, mara mojamoja meza ndogo ya sebuleni ya kumpa ndugu aliyeoa. Nawafahamu wengine wa aina yangu hapa mjini: mwalimu mstaafu, daktari wa meno, fundi mitambo wa meli. Tunanunua kidogo, tunachagua sana, tunalipa taslimu na hatukopi. Kwa hesabu hiyo tulipaswa kuwa wateja wanaogombewa. Hatugombewi, na tukishafika sokoni tunakuta mambo mawili yasiyolingana. Miti iliyopo pale ni ya daraja ambalo fundi wa Ulaya huinunua kipande kwa kipande kwa bei ya kutisha. Lakini inauzwa mbichi.

Nianze na vipimo, kwa sababu ndivyo vinavyomchanganya mgeni. Watu wa maliasili huhesabu kwa mita za ujazo. Uwanjani hakuna anayeijua lugha hiyo. Kule ni inchi na futi. "Moja kwa nane" ni ubao wa unene wa inchi moja na upana wa inchi nane, "mbili kwa sita" vivyo hivyo, na urefu mara nyingi ni futi kumi au kumi na mbili. Ila mbao nyingi ngumu hupasuliwa hukohuko porini, kwa chenso au kwa msumeno wa watu wawili, na "moja kwa nane" yako inaweza kuwa na inchi moja na robo upande huu na robo tatu upande ule. Fundi wa vitanda hana shida na hilo. Ataipeleka kwenye mashine ya kuranda, ilipiwe kwa futi, itoke sawa. Kwa anayeranda kwa mkono, tofauti hiyo ni jasho la nusu siku. Ndiyo maana kitu cha kwanza kwenye mfuko wangu ni futi ya chuma, na ninapima ncha zote mbili na katikati kabla sijauliza bei.

Mwanza yenyewe haina msitu wa mbao ngumu wa kuutaja. Jiji limekaa juu ya mawe, na nyuma ya mawe ni nchi ya Wasukuma ambayo vichaka na miti yake vilifyekwa kwa miongo mingi. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilihimiza kufyeka mapori ili kuwafukuza mbung'o. Baadaye pamba ikadai mashamba, ng'ombe wakadai malisho, majiko yakadai kuni. Huko Shinyanga hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliorudisha desturi ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na miti lisiguswe kwa msimu. Kufikia 2004, mradi ulipofungwa, eneo la ngitili lilikuwa limepita hekta 300,000, na mwaka 2002 ulipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Ni kazi ya kujivunia. Lakini ngitili inatoa majani, kuni, dawa na nguzo. Haitoi ubao wa mninga wa futi moja upana, na haitautoa katika maisha ya msomaji wa gazeti hili.

Kilichopo karibu ni misindano. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, una shamba la Rubya kisiwani Ukerewe na la Buhindi upande wa Sengerema, na mapaa mengi ya kanda hii yanashikiliwa na miti ya aina hiyo. Mbao ngumu zinatoka mbali zaidi, kwenye miombo: Tabora, Katavi, Kigoma, na mapori ya Geita na Kagera. Reli iliyoiunganisha Mwanza na Tabora mwaka 1928 ndiyo iliyofungua nchi hiyo kwa mizigo mizito ya kanda ya ziwa. Siku hizi kazi kubwa inafanywa na malori. Yale yanayotoka Geita na Biharamulo yalizoea kusubiri kivuko pale Busisi. Tangu Juni 19, 2025 yanapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, kilometa tatu za zege juu ya ziwa. Muuzaji mmoja wa upande wa Nyakato aliniambia daraja halikupunguza bei hata shilingi. "Limepunguza visingizio vya madereva," alisema, akacheka peke yake.

Sasa tuingie kwenye rundo lenyewe.

Mninga ndio mwenye nyumba. Mtu akikuambia amenunua mbao ngumu Mwanza bila kuongeza neno, chukulia ni mninga. Rangi yake huanzia dhahabu iliyofifia hadi kahawia yenye wekundu, na mara nyingi rangi zote mbili zimo kwenye ubao mmoja, zikiwa zimetengwa na michirizi ya giza. Ukiuranda unatoa harufu tamu inayobaki kwenye nguo hadi kesho yake. Si mzito sana. Mita moja ya ujazo ya mbao kavu ina kilo mia sita na kitu. Sifa yake kubwa, ile inayowafanya mafundi wa kusini mwa Afrika wanaouita kiaat wauheshimu kama sisi, ni kwamba unaponyauka husinyaa kidogo mno kuliko mbao nyingi ngumu. Droo ya mninga iliyotengenezwa vizuri hufunguka Aprili kama inavyofunguka Agosti.

Mti wenyewe una tabia za ajabu. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu, na anayeuona kwa mara ya kwanza hurudi nyuma hatua moja. Tunda lake ni duara lenye ubawa mwembamba pande zote na miiba laini katikati. Mche wake una subira: kwa miaka kadhaa shina hufa kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikija, huku mzizi ukinenepa chini, hadi siku moja upande juu ya kimo cha moto wa nyika. Kwa hiyo kufikia unene wa kupasuliwa, mninga huchukua miongo mingi, mara nyingi miaka sabini, themanini na zaidi. Ubao mpana unaoegemezwa ukutani pale uwanjani huenda ulianza maisha kabla ya hiyo reli ya 1928. Mimi ukweli huu unanifanya nisite kununua inchi mbili pale inchi moja inapotosha, na sioni haya kuwaambia wenzangu wafanye hivyo.

Udhaifu wa mninga uko pembeni. Kiini chake hakiliwi na mchwa kirahisi, lakini ule weupe wa nje, unaokuwa chini ya gome, ni chakula cha bungua. Angalia kingo. Ukiona vitundu vidogo vyenye unga mweupe unaomwagika ukigonga, hesabu upana wa ubao bila sehemu hiyo, na ulipie upana uliobaki. Wauzaji hulalamika, kisha hukubali. Tazama pia nyuzi: kwenye mbao nyingi za mninga zinapinduka, futi moja zinaelekea kaskazini, futi inayofuata kusini, na randa isiyo kali itanyofoa vipande. Kwenye kitanda hakuna atakayeona. Kwenye mfuniko wa kisanduku kila kitu kitaonekana.

Mkongo husimama jirani na mninga, na kwenye rundo lililopigwa vumbi na jua, hata mwenye macho mazuri hawezi kuitofautisha kwa kutazama. Inua ncha. Mkongo ni mzito kuliko mninga, na ukikwaruza utaona ndani ya vitundu vya mbao unga wa njano ambao, ukilowana, hutia doa kwenye kitambaa. Huu ni mti wenye mbegu nyeusi zinazong'aa na kofia nyekundu, zile zinazotungwa shanga. Kwa milango ya nje sioni wa kuushinda.

Mvule ni habari nyingine. Unatoka Kagera na nchi jirani, na pia kuna mzigo wa Kongo unaozunguka katika masoko ya Uganda na Kenya. Ukipasuliwa una rangi ya njano. Miezi ya mwanga huugeuza kahawia. Ndani yake huwa na mawe, ndiyo, mawe kweli, chokaa iliyoganda kwenye majeraha ya zamani ya mti, na meno ya msumeno yakikutana nayo unasikia sauti ambayo hutaisahau. Vumbi lake huwasha pua na macho, na la mninga nalo si jema kwa mwenye pumu. Barakoa zilizobaki tangu enzi za korona zina kazi hapa. Wengi huuliza kwa nini mvule haupandwi mashambani kama misindano. Sababu ni kidudu kidogo kinachotoboa majani ya miche na kuyafanya yavimbe na kuoza. Ukipanda mivule peke yake shamba zima, unakipikia karamu.

Msaji, ambao wengi huuita mtiki, ndio mti mgumu tulioweza kuupanda kwa wingi: Longuza kule Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro, na mashamba ya kampuni bonde la Kilombero tangu 1992. Viwanja vya Mwanza huuona kwa nadra. Mpingo hauji kama ubao kabisa, huja kama vipande vya wachongaji. Ni mzito kiasi kwamba huzama ziwani.

Kuna adabu ya kuchagua. Ukifika na kuanza kupindua mbao za mwenye duka bila salamu ya kutosha, bei itapanda na vijana watakusahau. Mimi huanza kwa kuuliza habari za barabara, na kama mzigo wa Mpanda umeingia. Kisha naomba: "Mzee, naomba nikwaruze kidogo nione rangi." Mzee mmoja ninayenunua kwake hunijibu kila mara kwa maneno yaleyale: "Kwaruza, mwanangu, lakini usinichimbie shimo." Nina kiranda cha kiganjani na kipande cha msasa. Nakwaruza mahali pa upana wa vidole viwili, nalowesha kidole kwa maji, napaka. Ile rangi inayotokea pale ndiyo rangi utakayoipata siku ya vanishi. Halafu nainua ncha moja hadi usawa wa jicho na kuutazama ubao kwa urefu wake wote, kama umepinda au umejizungusha. Mwisho nagonga kwa kifundo cha kidole. Ubao mkavu hulia; mbichi hutoa sauti ya kiziwi.

Na karibu zote hutoa sauti ya kiziwi. Hapo ndipo ilipo shida yangu na soko hili.

Mbao iliyokaa chumbani Mwanza kwa muda mrefu hutulia kwenye kiasi cha maji cha kama asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Inayouzwa uwanjani inaweza kuwa na mara mbili au tatu ya hapo, kutegemea imekatwa lini na kama mvua imeipiga njiani. Huna haja ya kununua kipimo cha betri ili kujua. Kata kipande kidogo, si cha nchani bali futi moja kuingia ndani, kwa sababu ncha hukauka kwanza na zitakudanganya. Kipime kwenye mzani wa jikoni. Kiweke kwenye oveni ya moto mdogo, uzidi kidogo joto la maji yanayochemka, ukitoe na kukipima kila baada ya saa chache hadi uzito uache kushuka. Tuseme kilianza na gramu 340 kikaishia 280. Zilizotoka ni 60. Gawanya 60 kwa 280 na utapata asilimia 21 na ushei. Ubao huo, ukiufanya mfuniko leo, utakuwa umepasuka au umebinuka kabla ya Idi.

Nimewauliza wauzaji kadhaa kwa nini hawakaushi. Majibu yao yana mantiki, na sipendi makala zinazowafanya wafanyabiashara waonekane wavivu. Mzigo unaokaa miezi sita ni mtaji uliolala, na wengi wao wananunua kwa pesa ya mkopo au ya oda ya mtu. Mbao zilizopangwa vijiti zinachukua nafasi mara mbili ya zile zilizolaliana, na kiwanja mjini kina kodi. Zinaibwa. Zinahesabiwa na kila mkaguzi anayepita. Kubwa kuliko yote, mnunuzi wa kitanda hatoi shilingi zaidi kwa ajili ya ukavu, kwa hiyo anayekausha anawafadhili wengine. Matanuru ya kukaushia yapo kwenye viwanda vikubwa vya Mufindi, na yanakausha msindano wa viwanda. Hakuna atakayesafirisha mbao tano za mninga kutoka Tabora hadi Mafinga na kuzirudisha ziwani.

Gharama ya ubichi, hata hivyo, inalipwa na mtu. Inalipwa na mwenye nyumba. Ile milango inayogoma kufunga mwezi wa nne na kupwaya mwezi wa nane, makabati yenye nyufa pembeni ya gundi, meza za shule zinazoyumba mwaka wa pili: fundi hulaumiwa kwa vyote hivyo, wakati mara nyingi kosa lilifanyika siku ubao uliponunuliwa. Nchi inakata mti wa miaka themanini, inautengeneza kitu kitakachodumu minne. Hili linaniudhi kuliko bei.

Kwa sasa mpenzi wa mbao hana budi kukausha mwenyewe. Haihitaji mtambo. Tafuta kivuli chenye upepo, nyuma ya nyumba au chini ya ngazi. Inua mbao futi moja kutoka ardhini kwa sababu ya mchwa. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vikavu vya unene wa inchi moja, kila baada ya futi mbili, na kila kijiti kikae juu ya mwenzake wima, la sivyo mbao zitajifunza kupinda. Paka ncha rangi ya mafuta iliyobaki, ili maji yasikimbilie huko na kuzipasua. Juu kabisa weka mzigo. Katika Jiji la Mawe sidhani kama nahitaji kueleza mzigo wa namna gani. Wazungu wana kanuni ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwenye hewa yetu muda ni mfupi zaidi, lakini jua la moja kwa moja si msaada, ni hasara: uso hukauka na kukaza wakati ndani bado kuna maji, na ubao hupasuka usiku ukilia kama bunduki. Andika tarehe kwa kalamu ya mbao kwenye ncha. Utashukuru.

Kuna jambo la karatasi. Mzigo halali wa mbao husafiri na hati ya usafirishaji, ile TP ambayo kila dereva anaijua, pamoja na alama ya nyundo ya TFS. Mfanyabiashara naye anapaswa kuwa na cheti cha usajili. Mnunuzi wa ubao mmoja anaweza kudhani hayamhusu. Yanamhusu. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilichapisha ripoti kuhusu ukataji miti kusini mwa Tanzania, na humo kulikuwa na hesabu moja isiyosahaulika: takwimu za China za mwaka 2005 zilionyesha nchi hiyo ikiingiza bidhaa za mbao kutoka Tanzania mara kumi ya zile zilizoandikwa kwenye vitabu vyetu. Mkurungu, binamu mwekundu wa mninga ambao Wazambia wanauita mukula, ulikimbiliwa na soko hilohilo hadi ukawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 2019. Kwenye mkutano wa Panama, Novemba 2022, ukafuata ukoo mzima wa mninga wa Afrika, na wa mkongo pia. Maana yake ni kwamba magogo na mbao za miti hiyo hazivuki mpaka wa kimataifa bila kibali maalumu. Biashara ya ndani haikuguswa, lakini dunia imeshaandika kwamba miti hii inahitaji kuangaliwa. Kenya nayo, iliposimamisha ukataji kwenye misitu ya serikali Februari 2018, ilielekeza macho ya wanunuzi wake huku kwetu.

Mimi huomba vitu viwili tu: risiti ya EFD, na kuiona TP ya mzigo ulioleta ubao huo. Kuna sehemu nimeonyeshwa bila swali. Kuna sehemu nimeambiwa karatasi ziko kwa bosi na bosi yuko safari, na nikaondoka mikono mitupu. Si ujasiri huo. Uwanja wa pili hauko mbali.

Kuna wanaojua mbao kuliko wauzaji wote niliowataja, nao hawako barabarani, wako mwaloni. Nenda Igombe au Kayenze asubuhi, upite nyuma ya wanunuzi wa dagaa, utawakuta mafundi mitumbwi wakiwa wamepiga magoti kando ya mkuku. Tangu sangara alipofanya ziwa hili kuwa la biashara kubwa miaka ya 1980, kazi yao haijakauka. Wanatumia mninga na mvule pale mteja anapoweza kulipia, na mbao za bei nafuu pale asipoweza. Kwao ubichi si dosari kubwa; ubao unaokwenda kuishi majini hauna haraka ya kusinyaa, na ukiwa na unyevu unakubali kukunjwa kufuata ubavu wa chombo. Viungo wanavijaza pamba, zao la nchi hii hii, wakiisukuma kwa patasi butu na nyundo ndogo, pigo jepesi jepesi, hadi uzi wa mwisho uingie. Nimekaa pale nikitazama mikono hiyo hadi jua likanifukuza.

Wana kitu kingine kinachotufaa. Mtumbwi uliostaafu hupinduliwa ufukweni na kuachwa, na mbavu zake za mninga hukaa kwenye upepo wa ziwa mwaka baada ya mwaka, kisha huishia jikoni kwa mama lishe. Hizo ndizo mbao kavu kuliko zote Mwanza. Kwa bei ya mzigo wa kuni unapata vipande vya futi mbili, tatu, vya rangi ambayo hakuna vanishi inayoweza kuiiga. Kazi iko kwenye misumari. Usipitishe randa kabla hujapitisha sumaku. Ya spika mbovu inatosha. Pale sumaku inaposhika, chimba kwa patasi ya zamani, ng'oa, kisha pitisha tena. Mchanga nao umejificha kwenye nyufa, kwa hiyo anza na brashi ya waya. Ile milango ya zamani inayotolewa kwenye maduka ya katikati ya mji yakibomolewa ni mali ya aina hiyohiyo, ila siku hizi wenye kubomoa wameshajua thamani yake.

Kwa wenye viwanja vya mbao wa Nyakato, Igoma, Mabatini na kwingineko nina ombi la kibiashara, si la hisani. Tengeni banda moja dogo. Kila mzigo wa mninga unapoingia, ondoeni mbao kumi zilizo bora, mzipange kwa vijiti, mziandike tarehe nchani kwa rangi, na mziuze kwa bei ya juu kwa yeyote atakayeuliza. Wapenda mbao watazinunua, na watengenezaji wa samani za hoteli watafuata, kwa sababu nao wamechoka kurudishiwa makabati. Kiangazi chetu huanza Juni, na ubao wa inchi moja uliopangwa vizuri mwezi huo una nafasi nzuri ya kuwa tayari kabla mvua za vuli hazijakaza. Atakayeanza kwanza asisumbuke na tangazo la redio. Aandike "mninga mkavu" kwenye kibao getini, sisi tutafika.